Kifuko cha Kukufikisha kwa Fundi

Mazungumzo yetu leo ni juu ya kifuko: kile kifuko kidogo kinachoning'inia nyuma ya tandiko la baiskeli, chenye spana, viraka na gundi, pamoja na pampu iliyobanwa kwenye fremu. Naomba nianzie barabarani, kati ya Nzega na Tinde, saa saba mchana, kiangazi, jua la utosi.

Tairi langu la nyuma liliisha upepo ghafla. Nilitazama nikakuta uzi wa chuma, mwembamba kama sindano ya kushonea. Tairi la lori likipasuka, nyuzi hizo hubaki pembeni ya lami, na pembeni ya lami ndiko sisi wa baiskeli tunakopita. Sikuwa na wasiwasi. Kifuko changu kilikuwa kimejaa. Nilikuwa na kile kifaa cha kukunja kama kisu, chenye alenki za kila namba, bisibisi mbili na kitoa pini cha mnyororo, nilichokinunua Dar es Salaam kwa hela ya maana. Nilikuwa na tyubu mpya ndani ya boksi lake, pakiti ya viraka, gundi, na pampu nene ya aluminiamu.

Nikaipindua baiskeli, magurudumu juu. Gurudumu la nyuma la baiskeli yangu limefungwa kwa nati namba 15, na katika vyuma vyote nilivyobeba hapakuwa na namba 15. Tyubu mpya haiwezi kuingia gurudumu lisipotoka. Basi, nikasema, nitaziba. Nikafungua gundi. Ilikuwa imekauka yote, imekuwa kidonge. Niliwahi kuitumia mara moja, miezi mingi nyuma, nikarudisha kifuniko na kuendelea kuamini kwamba ninayo.

Nilikaa kando ya barabara mpaka alipotokea mzee mmoja juu ya baiskeli nyeusi aina ya Phoenix, magunia mawili ya mkaa kwenye keria, akinyonga polepole.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pancha?"

"Pancha, mzee, na spana sina."

"Spana ya nini? Pancha haitaki spana."

Akaegemeza baiskeli yake kwenye mti, akaja akachuchumaa. Kutoka kwenye mfuko wa kitambaa alitoa mipini miwili ya vijiko, kipande cha msasa, gundi, na viraka alivyokata mwenyewe kutoka kwenye tyubu kuukuu. Gurudumu hakuligusa. Alibinya tairi kwa vidole gumba pande zote mpaka likalegea, akaingiza mpini wa kijiko, akatoa ukingo wa upande mmoja tu wa tairi, halafu akavuta tyubu nje kidogo, pale pale tulipouona ule uzi wa chuma. Sehemu iliyobaki ya tyubu ilikaa ndani ilimokuwa. Akasugua, akapaka, akangoja, akabandika. Haikufika nusu saa.

Nimeendesha baiskeli tangu utotoni na nilikuwa nimeona mafundi wakifanya hivyo mara nyingi, lakini sikuwa nimeelewa maana yake kwa mtu anayechagua vifaa vya safari. Dukani unauziwa kifuko kilichofikiriwa kwa ajili ya baiskeli nyingine na barabara nyingine. Baiskeli za mashindano na za milimani za siku hizi gurudumu lake mara nyingi hutoka kwa kugeuza kishikio kimoja, bila spana, kwa hiyo mwenye nayo hubeba tyubu ya akiba, anabadilisha dakika chache na kuendelea. Pancha ataziba nyumbani. Phoenix, Avon, Hero, na nyingi za mitumba zinazoshushwa kwenye makontena, gurudumu la nyuma lina nati, lina mnyororo wa kurudisha na kukaza, na mara nyingine lina vyuma vya keria na vya matope juu ya nati hizo hizo. Kulitoa ni kazi kamili. Mwenye baiskeli ya namna hii kitu cha kwanza kwenye kifuko chake ni viraka na gundi, na ujuzi wa kuziba bila kutoa gurudumu. Tyubu ya akiba ni ya siku ile tyubu imechanika kiasi kwamba haizibiki, au imeng'oka mdomo, na hapo ndipo namba 15 inapotakiwa.

Tangu siku ile nimekuwa na kipimo kimoja, na ndicho ninachotaka kukuachia jioni hii. Kifuko cha safari si karakana. Kazi yake ni kukufikisha kwa fundi wa mbele. Kila kitu unachotaka kukiweka humo kiulize swali hilo: kitanifikisha? Kama mbele kuna fundi baada ya kilomita 5, unahitaji vitu vichache sana. Kama unakatiza pori na fundi yuko kilomita 40 mbele, kifuko kinaongezeka. Wala usisahau kwamba mafundi wenyewe wamebadilika. Zamani kila penye mti mkubwa na soko palikuwa na fundi baiskeli. Leo mara nyingi utamkuta fundi wa bodaboda, mwenye mashine ya upepo. Neno lenyewe bodaboda lilizaliwa na baiskeli, kule Busia mpakani mwa Kenya na Uganda, kabla pikipiki hazijalichukua. Huyo fundi wa pikipiki atakusaidia kwa moyo mweupe, ila upepo wake unatoka kwenye mdomo wa namna moja tu, na hilo linatuleta kwenye valvu.

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu watu wengi wananunua pampu kwa kutazama rangi na ukubwa, wanafika porini wanakuta haishiki.

Tyubu za baiskeli zina valvu za aina tatu. Ya kwanza ni ile nene kama ya gari na pikipiki, yenye sindano katikati. Ya pili ni ile ya Phoenix na ya baiskeli nyingi za mitumba, yenye pete ya kuzungusha, ukiifungua valvu yote inatoka mkononi. Hii hubeba jina la Dunlop, yule daktari wa mifugo aliyekuwa Belfast, ambaye mwaka 1888 alipata hataza ya tairi la upepo baada ya kumtengenezea mwanawe matairi ya baiskeli ya magurudumu matatu. Ya tatu ni ile nyembamba ya baiskeli za mashindano, yenye kichwa kidogo unachokilegeza kwanza ndipo upepo uingie.

Mdomo wa pampu unaoshika valvu nyembamba ya mashindano kwa kawaida hushika pia ile ya Dunlop. Ule wa gari haushiki hizo mbili. Kwa hiyo ukienda kununua pampu, nenda na baiskeli yako dukani. Usikubali kuelezwa kwa mdomo. Ichomeke kwenye valvu yako, piga mara tano, bonyeza tairi. Kama muuzaji hataki uijaribu, tafuta duka jingine.

Na kuna jambo ambalo wenye Phoenix wengi hawalijui. Tundu la rimu la valvu ya Dunlop na la valvu ya gari ni karibu sawa. Ukinunua tyubu mpya unaweza kuchukua yenye valvu ya gari, saizi ile ile, ikaingia kwenye rimu yako bila kutoboa chochote. Ukishafanya hivyo, kila fundi wa bodaboda na kila kituo cha mafuta ni mahali pako pa upepo. Mimi nawashauri wote wanaokwenda safari ndefu wafanye hivyo. Wenye valvu nyembamba wabebe kile kiunganishi kidogo cha shaba kinachovalishwa juu ya valvu ili mashine ya pikipiki ikubali. Tahadhari moja: mashine ya kituo cha mafuta imezoea matairi makubwa. Tyubu ya baiskeli inajaa upesi sana, na ukiachia mkono inapasuka. Gusa, achia, bonyeza tairi, gusa tena.

Wanaobaki na Dunlop ya kizamani, ile yenye kimpira chembamba kilichovishwa juu ya valvu, wabebe kipande cha kimpira hicho, urefu wa kidole. Joto linakichosha, kinapasuka, na tairi linashuka polepole usiku kucha bila kuwa na tundu lolote. Nimeona watu wakitoa tyubu, wakaizamisha kwenye karai la maji, wakatafuta tundu asubuhi nzima, na kosa lilikuwa kwenye kimpira kile.

Sasa pampu yenyewe. Jambo la kuangalia ni upana wa bomba lake, na hapa kuna hesabu ambayo naomba uisikilize vizuri. Unapopiga pampu unasukuma upepo kwa pistoni. Kadiri pistoni ilivyo pana, ndivyo inavyoingiza upepo mwingi kwa kila pigo, lakini ndivyo inavyotaka nguvu zaidi tairi likianza kujaa. Chukua pampu yenye kipenyo cha milimita 20. Tairi likifika PSI 60, yaani kipimo cha msukumo wa upepo, mkono wako unapaswa kusukuma kama uzito wa kilo 13. Chukua yenye kipenyo cha milimita 30, kwa tairi lile lile, PSI 60 ile ile: sasa ni karibu kilo 30 kwa kila pigo. Kwa upande wa pili, tairi la Phoenix la inchi 28 kwa pampu nyembamba yenye mwendo wa sentimita 15 litakula kama mapigo mia mbili, na kwa ile pana litakula karibu nusu yake.

Kwa hiyo, tairi pana la baiskeli ya milimani, ambalo linaridhika na PSI 30 hadi 50, lichukulie pampu pana. Utamaliza mapema na mkono hautaumia. Tairi jembamba linalotaka PSI 80 au zaidi lichukulie pampu nyembamba na uwe na subira. Phoenix yenye magunia nyuma iko katikati: inataka 50 au 60, na pampu nyembamba ndefu ya fremu, ile ya siku zote, inaifaa kuliko vipampu vifupi vinavyoingia mfukoni. Kiasi cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi lako. Kisome.

Kabla sijaendelea, nina neno kwa wazazi. Kama umemnunulia binti yako baiskeli ya kwendea sekondari, na shule ni mbali, fikiria mkono wake unapochagua pampu. Mtoto wa miaka 14 hawezi kusukuma mapigo ya mwisho ya karibu kilo 30 kando ya njia akiwa na sare ya shule na kengele inakaribia kulia. Mnunulie nyembamba. Nyumbani wekeni ile ya kusimama, ya kukanyagwa kwa miguu na kusukumwa kwa mikono miwili, ijaze matairi kila Jumapili jioni, maana tyubu hupoteza upepo hata ikiwa nzima. Na umfundishe kuziba, kwa mikono yake, mbele yako, mpaka aweze peke yake. Inaniuma sana ninapomkuta msichana akikokota baiskeli yenye pancha saa mbili asubuhi, wenzake wako darasani, kwa kukosa kiraka kimoja na mtu wa kumwonyesha. Huwa nasimama. Nakuomba nawe usimame.

Nirudi kwenye pampu. Chagua yenye kimpira cha kuunganisha, kile kimpira kifupi kati ya pampu na valvu. Zile zinazochomekwa moja kwa moja hukaa kwa nguvu ya mkono wako. Ukichoka pampu inayumba, na kila inapoyumba inavuta mdomo wa tyubu kwenye shina lake. Mdomo ukichanika hapo hakuna kiraka kitakachoshika. Pampu za zamani kimpira hiki hufungwa kwa skrubu na huhifadhiwa ndani ya mpini, na ndicho cha kwanza kupotea. Nunua viwili.

Halafu fungua pampu uone ndani. Kama pistoni yake ina kikombe cha ngozi, umepata pampu itakayokuzika. Ngozi ikikauka pampu huenda mbele na nyuma bila kutoa kitu, na watu huitupa wakidhani imekufa. Toa kile kikombe, kiloweke kwenye mafuta, kitanue kwa kidole, kirudishe. Ikiwa ina pete ya mpira badala ya ngozi, tafuta pete ya akiba siku ile ile unayonunua, maana baadaye hutaipata.

Kuna vitu vipya pia. Vipo vichupa vya hewa ya ukaa, vya gramu 16, vinavyojaza tairi kwa sekunde chache. Wanaoshindana wanavipenda, na wana haki. Kwa safari zetu mimi sivitegemei. Kimoja kinajaza tairi la Phoenix mara moja tu, na kama kiraka hakikushika vizuri, upepo wako umekwenda na kichupa ni takataka. Isitoshe hewa hiyo hupenya kwenye mpira wa tyubu haraka kuliko upepo wa kawaida, na baada ya siku moja au mbili tairi limelegea. Zipo pia pampu ndogo za umeme za kuchaji kama simu. Ni nzuri, zinaokoa mikono, lakini chaji ikiisha unabaki na jiwe la bei kubwa. Ukiwa nayo, beba na ile ya mkono.

Sasa viraka. Gundi, au solusheni kama mafundi wengi wanavyoiita, ndiyo iliyoniangusha njiani, kwa hiyo nasema kwa uchungu. Ikishafunguliwa, huanza kukauka hata ukiirudishia kifuniko. Nunua ndogo ndogo mbili badala ya kubwa moja, na ile ya kifukoni isifunguliwe mpaka siku ya pancha. Kabla ya kila safari ibonyeze: ikinesa, iko hai.

Namna ya kuziba watu wengi wanakosea sehemu moja. Wanapaka gundi na kubandika papo hapo ikiwa mbichi. Sugua kwanza tyubu kwa msasa mpaka ule mng'ao wa kiwandani utoke, paka gundi eneo kubwa kuliko kiraka, kisha ngoja. Ngoja mpaka gundi ipoteze mng'ao na ukiigusa pembeni isikamate kidole. Kivulini ni kama dakika tano. Usiipulizie kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu. Ndipo ubandike na kukandamiza kwa nguvu zote. Vile viraka vya kubandika bila gundi ni vyepesi na vinasaidia ukiwa karibu na nyumbani, ila lami ya mchana ikiwaka na mzigo ukiwepo, vinaachia. Fundi wa mbele atakuchomea kiraka kwa moto, kwa pistoni kuukuu ya pikipiki iliyogeuzwa kuwa kibanio, na hicho hakitoki. Kumbuka kipimo chetu: chako ni cha kukufikisha kwake.

Tundu lenyewe linasema limetoka wapi. Likiwa upande wa nje wa tyubu, ni mwiba au chuma: pitisha vidole ndani ya tairi polepole, kwa kitambaa, maana kilichotoboa mara nyingi bado kimo. Mikoani Shinyanga, Singida na Dodoma huwa ni mwiba wa mgunga, au mbigiri, zile mbegu zenye pembe ambazo upande wowote zikianguka ncha moja inatazama juu. Likiwa upande wa ndani, ni kichwa cha spoki kimetokeza kwenye rimu. Yakiwa mawili madogo yanayotazamana, uliendesha na upepo mdogo ukagonga shimo, na rimu ikaibana tyubu. Anayeziba bila kujua sababu ataziba tena baada ya kilomita mbili.

Na tafadhali, tairi lisitolewe kwa bisibisi. Linatoka, ndiyo, na tyubu inatobolewa mahali papya. Mipini ya vijiko iliyolainishwa ncha inatosha. Vifaa vya plastiki vya kutolea tairi vya dukani navyo ni vizuri ikiwa tairi halikazi sana. Siri iko kwenye rimu. Katikati ya rimu kuna bonde. Sukuma ukingo wa tairi uingie bondeni mzunguko mzima, upande wa pili utapata ulegevu, na tairi litapanda kwa vidole. Malizia kwenye valvu.

Spana nitazipitia haraka, kwa sababu jibu lake liko uwani kwako. Jumamosi moja chukua vifaa ulivyonavyo, uzunguke baiskeli nati kwa nati, ukijaribu kila moja. Nati ya gurudumu, mara nyingi 15, mara nyingine 14. Pedali, 15. Nati ndogo za breki, kuanzia 8 hadi 10. Kama baiskeli yako ni ya kisasa, alenki ya 4, 5 na 6 ndizo zitakazofanya karibu kazi zote. Chuma ambacho hakikupata nati ya kufungua, kiache nyumbani. Ongeza kiungo kimoja cha mnyororo: kwenye Phoenix ni kile chenye kipini cha kubana, na upande wake uliozibwa utangulie kule mnyororo unakokwenda; kwenye baiskeli za gia hakikisha kinalingana na mnyororo wako, maana mnyororo wa gia 8 si sawa na wa gia 10. Na mpira mrefu uliokatwa kwenye tyubu kuukuu, ule ule tunaofungia mizigo. Huo unafunga keria iliyovunjika, unashikilia kiatu cha breki, unaziba mkato wa tairi kwa ndani mpaka ufike.

Kuna mtu ninayemkumbuka kila ninapofungasha. Mwaka 1913, kwenye mashindano ya Tour de France, Mfaransa Eugène Christophe alikuwa mmoja wa waliokuwa mbele pale uma wa gurudumu lake la mbele ulipovunjika akiteremka mlima Tourmalet. Sheria za wakati ule zilimtaka kila mshindani ajitengenezee mwenyewe, asiguswe na mtu. Alitembea kama kilomita 14 na baiskeli begani hadi kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akaingia kwa mhunzi, akaufua uma ule kwa mikono yake huku wasimamizi wakimtazama. Mtoto mmoja alimsaidia kuvuta mivukuto, upepo uingie motoni. Kwa upepo ule wa mtoto, Christophe akaongezewa dakika za adhabu.

Barabara zetu hazina sheria ile, nami nashukuru. Mnunuzi alikuwa anaungoja mkaa Shinyanga, lakini yule mzee alisimama kunisaidia.

Nilimaliza kujaza tairi langu nikaona lake la mbele limelegea, limebonyea chini ya mzigo. Pampu alikuwa nayo, ndefu, nyeusi, kwenye fremu. "Hii imekufa," akaniambia. "Ninajaza kwa fundi, naenda mpaka kwa fundi mwingine." Nikamwomba nimjazie kwa yangu. Pampu yangu ni pana, ya baiskeli ya milimani. Mpaka 40 ilikwenda vizuri. Kuanzia hapo mikono ilitetemeka. Tukapokezana, mimi mapigo kumi, yeye kumi, mpaka alipobonyeza tairi kwa gumba akatikisa kichwa kwamba linatosha. Tyubu yangu ya akiba nisingeweza kumwachia. Yangu inchi 26, yake 28.

Tulikwenda pamoja hadi Tinde, taratibu kwa ajili ya mkaa. Chini ya mwarobaini tukamkuta fundi. Aliifungua ile pampu nyeusi, akakitazama kikombe cha ngozi kilichokauka na kupasuka, akachukua ulimi wa kiatu kuukuu, akakata duara, akatoboa katikati, akaliloweka kwenye mafuta kama dakika kumi huku akizungumza na mteja mwingine. Akaliweka mahali pa kile kikombe, akaziba tundu la pampu kwa kidole na kusukuma. Kidole kikarushwa. Mzee akaipokea, akaijaribu mwenyewe mara mbili, akaibana kwenye fremu.

Mimi nikainama kwenye karatasi la vyuma vilivyotumika alivyotandaza chini, nikapata spana namba 15 yenye kutu kidogo. Kabla sijalipa nikaipeleka kwenye nati ya gurudumu la nyuma. Ikakamata.